Kila Saa Nne

Nyanga, Bukoba
4 Juni 1951

Mdogo wangu Kokushubila,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji yangu Mwalimu Karugendo, na huyo bwana mdogo Philbert aliyefikisha miezi mitatu bila mama yake mkubwa kumwona. Mimi sijambo. Migomba imezaa vizuri mwaka huu, kahawa nayo imeanza kuiva, na baba mdogo wa hapa jirani bado anagombana na kila mtu kuhusu mpaka. Mama anakusalimu. Anasema mtoto asikatwe nywele mpaka amwone yeye.

Sasa nikueleze kilichonifanya nikae kimya. Unajua ninafanya kazi kwenye kliniki ya akina mama hapa mjini, kwa Bibi, yule muuguzi Mzungu. Bibi ametunga kanuni kumi na mbili za kulea mtoto, na mimi ndiye niliyezitia katika Kiswahili na kuzipiga taipu. Alitaka kila kanuni ikae kwenye mstari mmoja, ili mama aisome kwa pumzi moja na kuishika. Ilinitoa jasho, lakini zote kumi na mbili zimekaa. Kitabu kinaitwa *Mama Bora*. Nakupelekea nakala ishirini, ugawe.

Zishike hasa hizi tatu, maana Bibi anazipenda kuliko nyingine:

*Mtoto anyonyeshwe kila saa nne, tangu azaliwe mpaka atimize mwaka.*
*Kati ya saa hizo mama asimpe mwanawe ziwa wala uji, hata akilia.*
*Mtoto anayelia ovyo ana mama asiye na utaratibu.*

Najua utacheka. Mama alitulea mgongoni, tukiguna kidogo tu tunapewa ziwa, na wewe ukawa na mashavu mpaka jirani wakauliza unalishwa nini. Lakini zamani zimepita. Wewe ni mke wa mwalimu, na watu hutazama nyumba ya mwalimu kabla ya kutazama kanisa. Mwezi wa Desemba Bibi atapita Muleba yote na mzani wake, na kijiji kitakachofanya vizuri kitapigwa picha. Nimemwambia kijiji hicho kitakuwa Ngenge. Usiniaibishe.

Dada yako akupendaye,
Verdiana

---

Ngenge
1 Julai 1951

Kwako dada Verdiana,

Milele amina. Sisi huku wazima, isipokuwa Karugendo amejikata mguu kwa jembe, mwalimu wa watu, na sasa anafundisha akiwa ameukalisha juu ya dawati. Jua la huku unalijua. Migomba michache tuliyo nayo inanitazama kana kwamba inanidai maji. Mwambie mama nywele hazijaguswa.

Vitabu vimefika na lori la chumvi. Nilivisoma Jumapili baada ya sala, chini ya ukuta wa shule, kwa wanawake wote wenye watoto wachanga. Kwanza walicheka. Klaudia, jirani yangu, unamkumbuka kwa mdomo wake, alisema, "Waitu, jamani, na ziwa nalo limeanza kusoma saa?" Lakini nilipotaja mzani na picha, kicheko kikaisha. Nilipowasomea ile ya mama asiye na utaratibu, kila mmoja akamtazama mtoto wake kama ndiyo kwanza anamwona.

Saa hatuna, ila shule inayo. Karugendo hugonga kile chuma cha reli saa nne ya asubuhi, wanafunzi wakapumzike. Sasa kikilia wanawake wote tunatupa majembe tunakimbilia nyumbani kunyonyesha. Nimemwomba akigonge tena saa nne ya usiku kabla hajalala, naye anakigonga, na mguu wake huo.

Sitakuficha, wiki mbili za mwanzo zilikuwa mbaya. Philbert alilia mpaka sauti ikakauka. Nilijiziba masikio kwa pamba. Matiti yaliniwaka moto hata nikashindwa kuinama shambani. Mama mkwe alisema hawezi kukaa nyumba ambayo mtoto anakatazwa chakula, akafunga mzigo wake akaenda kwa mwanawe mwingine. Kwa hiyo nikiwa shambani mtoto hubaki amelala ndani peke yake, kama kitabu kinavyosema, asizoee kubebwa. Sasa ametulia. Hata mimi nashangaa alivyotulia.

Swali moja, dada. Ni mara mbili tu kwa siku, asubuhi na usiku, ndivyo? Klaudia anasema huenda mmesahau nyingine. Nimemwambia dada yangu hasahau.

Mdogo wako,
Kokushubila

---

Nyanga, Bukoba
9 Agosti 1951

Mpendwa Kokushubila,

Salamu nyingi. Nisamehe kwa kuchelewa kukujibu. Mashine ya kunakilia iliharibika, kisha mama akapata homa, sasa amepona na ameanza tena kutupangia kazi akiwa kitandani. Mguu wa shemeji unaendeleaje? Asiutie udongo, autie dawa.

Bibi amefurahi sana kusikia habari za chuma cha shule. Aliniambia nimsomee mara mbili sehemu ile ya wanawake kutupa majembe. Ameanza kusema kwamba mwakani huenda nikapelekwa kuwafundisha akina mama wilaya nzima, kutoka Rubafu hadi kwenu. Sijui kama unaelewa hilo ni jambo gani kwa mjane kama mimi.

Kuhusu swali lako, fuateni kitabu. Lakini wewe mwenyewe, ukiona Philbert ananyong'onyea, mwongezee kidogo katikati ya mchana. Mara mbili, tatu, haina neno. Usiwaambie wenzako, maana wataanza kila mmoja kufanya lake.

Mpe busu langu.
Verdiana

---

Ngenge
28 Agosti 1951

Dada Verdiana,

Asante kwa salamu. Mungu ashukuriwe kwa afya ya mama. Karugendo anatembea sasa, anachechemea kidogo na anaona fahari, kana kwamba alikuwa vitani.

Barua yako imenikera, nakwambia kweli. Unanijaribu? Wewe ndiye uliyeandika asipewe kitu, halafu unanifundisha kumpa kwa siri. Mimi ndiye niliyewasomea wenzangu. Nikimwongezea wangu nikawaacha wao, nitawatazamaje kanisani? Sikumwongezea. Mpaka leo sijamwongezea hata tone.

Lakini kuna jambo, na sina mwingine wa kumwambia.

Huku watoto hawalii tena. Wiki iliyopita alipita mchuuzi wa samaki wakavu kutoka Kimwani. Aliketi kwangu akanywa maji, akasikiliza, kisha akaniuliza kama katika kijiji hiki hakuna watoto. Nikamwambia wapo kumi na saba. Alifunga samaki wake akaondoka kabla ya kuuza hata nusu.

Na Philbert hakondi. Ungetegemea akonde, siyo? Mimi pia, kimoyomoyo, nilitegemea. Nikirudi shambani namkuta amelala, ana joto, pembeni ya mdomo kuna maziwa ambayo hayajakauka, na chuma bado hakijagongwa. Kanga ninayomfunga, mimi hufunga fundo mbele. Naikuta fundo liko ubavuni.

Nilimuuliza Klaudia kama ameona mtu. Alitazama chini, akaniambia nisiulize mambo ambayo yananifaa. Klaudia huyo, ambaye hajawahi kutazama chini tangu azaliwe.

Jumatatu nilifagia uwanja mzima kabla ya kwenda, ili nione nyayo. Niliporudi sikukuta nyayo. Uwanja ulikuwa umefagiwa upya, na mistari ya ufagio ilielekea upande mwingine, si kwa mkono wangu.

Watu wengine wanasema ni marehemu bibi yake Karugendo, amekuja kumlea kitukuu. Nami nimeanza kumwogopa mwanangu, dada. Nikimshika ananitazama kama mgeni anayengoja aambiwe aketi wapi.

Kokushubila

---

Nyanga, Bukoba
11 Septemba 1951

Mpendwa mdogo wangu,

Sisi wazima. Mvua zimeanza kidogo.

Mambo ya marehemu achana nayo, wewe ni mke wa mwalimu. Bila shaka ni mama mkwe wako anayerudi kisirisiri. Na kama ni yeye, mwache. Yeyote yule, mwache tu, usimtegee wala usifagie uwanja.

Bibi anataka kuchapisha nakala elfu mbili. Nimemwambia angoje kwanza, niangalie tena Kiswahili changu. Akaniuliza kimefanya nini.

Kuna kitu nataka kukuandikia. Nimeanza barua hii mara tatu. Nitakuandikia Jumamosi nikipata nafasi.

Verdiana

---

Ngenge
4 Oktoba 1951

Dada,

Jumamosi tatu zimepita. Nakusalimu hata hivyo, na mama umsalimu.

Si mama mkwe. Nilimtuma Karugendo kuuliza, naye tangu alipoondoka kwangu hajavuka kile kilima. Sasa nitakuambia nilichokunyima, nawe utanihukumu utakavyo.

Mwezi wa saba nilipita nyumbani kwa Klaudia kuazima ungo. Klaudia alikuwa shambani. Mtoto wake alikuwa amelala mkekani, macho wazi, anafumbua kinywa na kukifumba, na hakuna sauti iliyotoka. Alishajua sauti haimleti mtu. Dada, maziwa yalinitoka yenyewe yakalowesha nguo. Nilimnyonyesha. Nilisikia aibu kana kwamba ninaiba. Kisha nikampangusa mdomo, nikachukua ufagio, nikafuta nyayo zangu mpaka njiani. Kitabu kimesema mama asimpe mwanawe. Wa jirani hakikumtaja.

Nimekwenda huko kila siku tangu hapo. Kwa hiyo naelewa Klaudia alitazama chini kwa nini. Nadhani wote tunafanya hivyo, kila mmoja kwa mtoto wa mwenzake, na hakuna anayesema, kwa kuwa wa kwanza kusema ndiye atakayekuwa mama asiye na utaratibu. Tunakutana njiani katikati ya asubuhi, kila mmoja anatoka asikopaswa kutoka, tunasalimiana habari za mihogo. Kanisani kila mwanamke anamtazama mtoto asiye wake. Mtoto anamtambua, anamchekea, na mama yake anaona, ananyamaza.

Wangu ananyonyeshwa na nani, sijui. Si Klaudia. Nimemuuliza tena, akaapa.

Lakini sikuandika kwa ajili hiyo. Alhamisi iliyopita mtoto wa Immakulata alifariki. Aliitwa Protase, alikuwa na miezi mitano. Immakulata ni yule mwembamba anayekaa ng'ambo ya kijito, karibu na pori, mumewe yuko kazini Bukoba. Nyumba yao iko peke yake. Hakuna anayepita kule.

Alipozikwa wanawake walinong'ona kwamba hakufuata kitabu. Kwamba alikuwa akizurura asubuhi, watu wamemwona. Walinigeukia mimi, mke wa mwalimu, niseme. Nikasema ndiyo, huenda hakufuata. Nilisema hivyo kaburini, Verdiana, na yeye alikuwa ananisikia.

Muulize Bibi kwa niaba yangu. Immakulata alikosea wapi?

Kokushubila

---

Nyanga, Bukoba
12 Oktoba 1951

Kokushubila,

Nampa barua hii Rutashobya, dereva wa lori, aifikishe mkononi mwako. Sitauliza habari za mtu.

Immakulata hakukosea. Wala ninyi hamkukosea. Bibi alisema mtoto anyonyeshwe kila *baada ya* saa nne. Akinyonya sasa, zipite saa nne, anyonye tena, mara tano au sita kwa siku. Mstari haukutosha. Ulikuwa unavuka kwenda mstari wa pili kwa maneno mawili, nami niliona aibu ya mstari mmoja kuharibu mingine kumi na moja. Nikayatoa yale mawili. Nilijisemea kwamba kila mtu ataelewa. Mimi sijawahi kunyonyesha, na hapa mjini Bibi huwaeleza kwa mdomo, kwa hiyo hakuna aliyepotea. Ninyi huko mlikuwa na kitabu tu.

Barua yako ya Julai niliisoma nimesimama pale posta. Niliona hapo hapo. Uliniuliza waziwazi, ni mara mbili? Nilikaa na swali lako mwezi mzima. Ningejibu, Bibi angejua, na kazi hii ndiyo kitu pekee watu wanachonijulia hapa tangu mume wangu Ishengoma afariki. Nikakuandikia umwongezee wako kwa siri. Nilitaka kumwokoa Philbert na kuokoa kitabu, wale wengine kumi na sita nikawaacha. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

Leo asubuhi nimemwambia Bibi. Alivua miwani, akauliza nakala ngapi zimetoka, na kwenda wapi. Nilimwandikia orodha. Tulikuwa tunatafuta maneno ya kuwaandikia wale wa Rubafu, na kila sentensi niliyoitunga aliniomba nimrudishie kwa Kiingereza, neno kwa neno. Haniamini tena na ana haki. Sijui kama kesho nina kazi, na sijali.

Wasomee wote barua hii. Usiruke mahali. Immakulata awepo.

Verdiana

---

Ngenge
30 Oktoba 1951

Dada Verdiana,

Tumeipokea. Karugendo ni mzima, mama mkwe amerudi.

Nilisoma palepale nilipokuwa nimesoma kitabu. Nilimtuma Klaudia akamwite Immakulata, akaja, akasimama nyuma kabisa. Nilisoma yote, hata pale pa wale kumi na sita. Nilidhani watakulaani. Klaudia alitazama huku na huku, akampa mwenzake mtoto aliyekuwa mgongoni kwake, akamchukua wa mwenzake, kisha wakarudishiana tena. Walikuwa hawajui waanze na yupi. Ndipo wakaketi chini wote, wakaanza kunyonyesha watoto wao wenyewe, mchana, saa nane, na watoto wengine waligoma, wakanyoosha mikono kwa wale waliowazoea. Kilio kilichotoka pale sijapata kukisikia. Miezi minne ya kilio, siku moja.

Philbert alinikataa. Niliweka ziwa mdomoni mwake, akageuza uso. Nikambembeleza, akajinyoosha kama ubao, akalia akitazama nyuma ya watu. Nikatazama alikotazama. Immakulata alikuwa amesimama pale na gauni lake jeusi, limelowa kifuani pande mbili.

Nilimpelekea. Unafikiri ningefanya nini? Mtoto alinyamaza kabla hajafika mikononi mwake. Akamfunga kanga, fundo ubavuni.

Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenieleza njia: "Nilikuwa napita kwako nikienda chemchemi. Nilimkuta anafumbua kinywa. Nikawa nakuja kila siku. Wangu nilimwacha nyumbani, kwa kuwa nilijua wote tunapita kwa wenzetu. Nilidhani na kwangu kuna anayepita."

Hakuna aliyepita, dada. Ni mbali, na kuna kijito. Mimi nilikwenda kwa Klaudia kwa sababu ni karibu.

Unauliza uje lini, au hukuuliza, lakini ninajua unataka kuuliza. Njoo. Usilete nguo wala sukari, na usije na Bibi. Njoo uvuke kile kijito kwa miguu yako, uketi kwake, umweleze yale maneno mawili. Mimi nimeshamwomba radhi kwa niliyoyasema kaburini. Alinisikiliza, akaniuliza kama Philbert amelala.

Philbert ni mzima, usiogope. Ana meno mawili. Kwangu ananyonya kidogo akiwa na usingizi, akiamka ananigeuzia uso. Kwa hiyo Immakulata huja asubuhi na huondoka jioni, na mama mkwe humwekea chakula. Hatuongei sana. Jana nilikuwa nje natwanga mtama, nikamsikia ndani anamwita mtoto kwa upole, anamwita Protase. Nilisimamisha mchi. Akaita tena, na Philbert akacheka, anavyocheka akisikia jina lake.

Niliendelea kutwanga. Sikuingia kumsahihisha.

Mdogo wako,
Kokushubila